Diski Iliyongoja Mgeni wa Heshima

Jumatatu, 25 Agosti

Muhula wa tatu umeanza leo na mimi nimeanza nao nikiwa na hasira. Ndiyo maana nimenunua daftari hili katika soko la Tulia. Nikifungua mdomo nitasema vibaya, afadhali niandike.

Kompyuta ya kitengo cha wasioona imeanza kugonga. Tk, tk, tk, kisha kimya, kisha tena. Imechukua dakika kumi na tisa kuwaka. Ni hiyo moja tu inayoendesha printa ya breli. Marehemu Mwalimu Musyimi aliijenga kwa miaka kumi na moja: programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta, alama za hesabu, mpaka jedwali la herufi za Kikamba alilolitunga mwenyewe jioni baada ya kazi, bila kulipwa wala kushukuriwa. Kampuni iliyouza programu hiyo ilishafungwa. CD yake ya kuiweka upya hakuna anayejua ilikoenda.

Nina watahiniwa sita wa gredi ya tisa, na hakuna hata mmoja anayeona. Mtihani wa kitaifa unaanza tarehe 3 Novemba. Kitabu cha marudio cha hesabu kwa breli hawana, na nimeahidi kuwachapia muhula huu. Sita mara juzuu nne.

Jumatano, 27 Agosti

Nimekwenda Kitui mjini kwa Abubakar, fundi wa kompyuta. Nimemchezea sauti niliyorekodi kwa simu. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye laptopu ya mtu aliyokuwa akiifungua.

"Madam, hiyo ni diski inakufa."

"Nimeshakopi mafaili yote kwa flash."

"Umebeba sufuria, jiko umeacha. Hiyo programu ukiikopi hivyo haitafunguka. Lazima diski yote imwagwe kwa diski ingine vile ilivyo, Windows, programu, laiseni, kila kitu. Halafu hiyo ingine unaiweka ndani, na kompyuta haitajua hata kama imebadilishiwa."

"Na nikingoja kidogo?"

"Ngoja. Ni yako."

Nimetoka pale nikimwona mtu wa kiburi. Angeweza angalau kunipa stuli.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeandika kwenye grupu ya wanafunzi wa zamani. Nzau, aliyefundishwa na Musyimi na sasa ana duka la vifaa vya umeme katika mji wa Salama, amejibu kabla sijamaliza chai. Atatuma diski mpya, ukubwa uleule kama Abubakar alivyoagiza, pamoja na kifaa cha kunakilia. Nimelia kidogo pale ofisini. Joto kali.

Ijumaa, 5 Septemba

Vimefika! Diski ndani ya boksi lake, na kile kifaa, cheusi, chenye nafasi mbili juu kama tosta. Hakihitaji hata kompyuta. Unachomeka diski ya zamani nafasi ya mbele, mpya nafasi ya nyuma, unabonyeza kitufe, na yote yaliyo mbele yanakwenda nyuma. Saa mbili, kazi imekwisha. Nilikuwa nimeshashika bisibisi wakati Mwalimu Mkuu, Bwana Mutunga, aliponiita ofisini. Akachukua boksi, akalitazama, akalifungia kabatini. Ati tutaongea Jumatatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumeongea. Nayaandika kama yalivyosemwa ili kesho nisidhani niliota.

"Madam Kalondu, hii ni msaada. Msaada haufunguliwi kienyeji. Lazima ukabidhiwe."

"Nzau ameshaukabidhi, Mwalimu. Aliuweka kwa gari ya parseli, nikausaini."

"Nzau ni kijana wetu. Nimeongea na Mheshimiwa, mbunge wetu, amekubali kuja kuukabidhi rasmi."

"Lakini Mheshimiwa hajanunua chochote."

"Ndiyo maana anakabidhi. Akija ataona hali yetu, hata ukuta anaweza kutujengea."

"Diski inakufa, Mwalimu."

"Si leo imewaka?"

Nikamwambia basi nitanunua diski nyingine kwa mshahara wangu, hii yake ingoje sherehe. Alishtuka kama nimemtukana mamaye. "Ukinunua yako, ile ya Mheshimiwa itakuwa ya kazi gani? Unataka aje kukabidhi kitu ambacho tayari tunacho? Hiyo kompyuta ni mali ya shule. Isifunguliwe mpaka siku hiyo."

Si mtu mbaya. Nilipofiwa na mama alikuwa wa kwanza kufika kwetu Matinyani, akachimba kaburi na vijana kwa mikono yake. Nimejikumbusha hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Halikusaidia sana.

Jumanne, 9 Septemba

Dakika ishirini na tatu.

Ijumaa, 12 Septemba

Sherehe ni tarehe 19. Nimechapa juzuu ya kwanza, nakala mbili tu, kisha ikaganda. Kasiva alikuwa amesimama mlangoni. Kasiva ndiye wa kwanza darasani, msichana mwenye ulimi mkali, anayetaka kwenda sekondari ya bweni kusoma hesabu na kuwa mwalimu wa hesabu. Watu wanamwambia masomo ya hesabu si ya asiyeona, naye huwauliza kama tisa mara nane inahitaji macho.

"Mwalimu, leo imegonga mara arobaini na moja kabla ya kuamka. Jana ilikuwa thelathini na nne."

"Unahesabu?"

"Kwani wewe huhesabu?"

Jumatano, 17 Septemba

Mheshimiwa ana mazishi tarehe 19. Sherehe imesogezwa mpaka 26.

Alhamisi, 18 Septemba

Dakika ishirini na nane. Vumbi, joto, hakuna wingu. Nimeweka feni mbele ya kompyuta na watoto wanatoka jasho.

Jumatano, 24 Septemba

Mheshimiwa ana harambee ya kanisa tarehe 26. Sasa ni 3 Oktoba. Bwana Mutunga amenipa habari hii huku akitabasamu, kwa sababu safari hii Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyepiga simu, si msaidizi wake. Anamsimulia kila mtu. "Alinipigia mwenyewe." Walimu wenzangu wanaitikia, "Aiya, mwenyewe?" Nilitoka nje nikaupiga teke mfereji wa maji. Kidole kimevimba.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimerudi kwa Abubakar, kuuliza tu kama kuna njia ya kuipoza. Safari hii aliinua kichwa.

"Madam, mimi nilidhani ulishamaliza hii maneno. Diski mpya iko?"

"Iko kabatini. Inangoja mgeni."

Akacheka, kisha akaona kwamba sichezi. Akaniambia nisiizime tena usiku, maana kila kuwaka kunaiumiza. Akakataa hela yangu. Alinichorea kwenye kipande cha boksi zile nafasi mbili na mshale mkubwa. "Mbele kwenda nyuma. Ukikosea hapo, utamwaga hewa juu ya kila kitu na hakuna mtu atakusaidia, hata mimi." Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimemhukumu vibaya. Ni mtu asiyependa maneno mengi, na mimi nimekuwa nikiishi na watu wa maneno mengi mno.

Alhamisi, 2 Oktoba

Imesogezwa. 17 Oktoba. Sijauliza kwa nini.

Jumanne, 7 Oktoba

Haikuzimwa wiki nzima na leo umeme umepotea wenyewe. Uliporudi, kompyuta ilichukua dakika hamsini na mbili. Watahiniwa wote sita walikaa chini sakafuni wakiisikiliza ikigonga. Ilipowaka walipiga makofi. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mutunga, bila kubisha, nikamwomba ufunguo wa kabati. Nilisema tafadhali. Nilisema nitapiga magoti.

Akaweka mkono juu ya mfuko wa suruali. "Madam, siku kumi tu. Tumengoja mwezi, tushindwe na siku kumi?"

Nilimwangalia nikaona kwamba hata haogopi diski kufa. Anachoogopa ni mtu mkubwa aje akute boksi limefunguliwa. Nimefanya kazi chini ya mtu huyu miaka sita nikimwita mpole. Ni mwoga. Na mimi, niliyetoka ofisini mwake nikisema "sawa, Mwalimu," ni nini?

Jumatatu, 13 Oktoba

Juzuu ya kwanza, nakala sita zimekamilika. Ya pili, hakuna. Mawingu yameanza upande wa Matinyani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika haraka, mnisamehe mwandiko. Sijui namwomba nani msamaha.

Asubuhi saa mbili Bwana Mutunga alinipa ufunguo kwa heshima zote, kama mtu anayenioza. Nilifungua kompyuta, nikatoa diski ya Musyimi. Niliibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye hema, nikaichomeka nafasi ya mbele. Mpya nikaiweka nyuma. Juu ya kifaa nilibandika plasta nikaandika kwa kalamu nene: MBELE YA ZAMANI, NYUMA MPYA, USIGUSE. Nilimwomba Abubakar aje, akasema Ijumaa saa saba yuko msikitini, lakini kama ni asubuhi atakuja. Sherehe ilikuwa ianze saa nne. Mheshimiwa alifika saa saba na nusu, Abubakar akiwa ameshaondoka kwenda msikitini.

Wakati huo wote walikuwa wakipanga viti. Nani wa mstari wa mbele, nani wa pili. Chifu alihamishwa mara tatu. Mzee wa kamati alikataa kukaa nyuma ya mwenye duka. Mimi nilitumwa nikasimame na watoto upande wa nyuma ya hema, kwa sababu walikuwa waimbe. Nzau, aliyenunua vitu vyote hivyo na kufunga duka lake kuja, alisimama nami. Hakuwa na kiti.

Baada ya hotuba nne Mheshimiwa aliitwa abonyeze. Makofi, vigelegele, kipaza sauti kikalia. Akabonyeza. Mara mvua ikaanza, tone tone juu ya hema, na watu wakashangilia kwamba ni baraka. Mchungaji akasema tuinamishe vichwa.

Mimi siinamishi kichwa nikiwa na hasira. Nilikuwa nikikitazama kile kifaa kwa mbali, kati ya vichwa vilivyoinama, na nikauona utepe mwekundu. Bwana Mutunga alikuwa ameifunga diski mpya utepe. Utepe ulikuwa mbele.

Plasta yangu haikuwepo.

Nilijua papo hapo. Diski tupu iko mbele, ya Musyimi iko nyuma, na mshale wa Abubakar unakwenda upande mmoja tu. Kati yangu na meza kulikuwa na mistari saba ya watu wamefumba macho. Mchungaji alikuwa akiwaombea walimu. Halafu wazazi. Halafu mvua, halafu Mheshimiwa na familia yake na safari zake. Nilisema moyoni, atasema amina sasa hivi. Nikangoja. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kukanyaga miguu ya watu mpaka mbele. Nimelelewa kwamba maombi hayakatizwi, hata nyumba ikiungua unasema amina kwanza, na nikangoja kama nilivyolelewa.

Alipomaliza nilikimbia, nikaangusha kiti cha mtu, nikang'oa waya. Taa ya kwanza, ya kuonyesha kwamba kunakili kumeanza, ilikuwa inawaka kijani.

"Madam!" Bwana Mutunga alisema kwa meno. "Unafanya nini mbele ya wageni?"

"Nani amebadilisha hizi diski?"

"Mimi. Zawadi ya Mheshimiwa itakaaje nyuma ya kitu kimechakaa? Wapiga picha wangeona nini?"

Alisema hivyo, na uso wake ulikuwa safi. Alidhani ananifundisha adabu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Abubakar alifungua duka kwa ajili yangu. Alijaribu kwa saa tano. Nzau alikaa nasi. Mwisho Abubakar akafuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu.

"Hiyo kitu ilikimbia dakika ngapi?"

"Mchungaji aliomba dakika kumi na moja hivi. Mtu alirekodi."

"Mfumo unakaa mwanzoni mwa diski. Ndio ulikwenda kwanza. Pole, Madam. Ningefunga duka nikuje Alhamisi."

Vitabu vyote ninavyo kwenye flash. Juzuu ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna kidole duniani kinachoweza kusoma flash.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu. Leo nimewaambia watahiniwa. Niliwaambia yote, pamoja na utepe. Kasiva akauliza, "Uliona saa ngapi kwamba imewekwa vibaya?"

"Wakati wa maombi."

"Mwanzo au mwisho?"

Ningeweza kudanganya. Hakuniona. "Mwanzo."

"Yale maombi yalikuwa marefu, mwalimu."

Akainuka akatoka, akipapasa ukuta, na hakuupiga mlango. Ningependa angeupiga.

Nimekasirikia kila mtu kwa miezi miwili na nilikuwa na haki. Lakini mtu wa mwisho aliyekuwa na nafasi ya kuokoa ile kazi si Mutunga wala Mheshimiwa. Aliyeiona nafasi hiyo akiwa na macho mawili mazima ni mimi.

Jumatano, 22 Oktoba

Tunayo mashine ya mkono ya breli, ile ya kupiga herufi moja moja. Nakala moja kwa wakati mmoja. Nimeanza juzuu ya pili. Kurasa kumi na nne leo, vidole vimekufa ganzi. Mvua inanyesha vizuri, watu wanapanda. Shamba langu litangoja.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kurasa kumi na tisa. Kasiva alikuja jioni akaketi. Hakunisalimu. Alichukua kila ukurasa unaotoka, akaupitisha vidole, akasema "sawa" au "umekosea mstari wa sita." Nilikosea mara nane.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku ya kufunga shule. Wazazi walijaa ukumbini kwa sababu ya mvua. Bwana Mutunga alikuwa na picha kubwa ya sherehe imetundikwa nyuma yake: Mheshimiwa, kifaa, utepe mbele. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba kitengo cha wasioona sasa kina mtambo wa kisasa, kwamba data yote imehamishwa salama, na kwamba shule inamshukuru Mheshimiwa. Makofi. Nilikuwa nimeketi mstari wa tatu, mikono mapajani, nikisema moyoni baadaye, baadaye, nitamwandikia mkurugenzi wa elimu barua.

Kasiva akainua mkono. Hakungoja kuitwa.

"Mwalimu Mkuu, naomba printa iwashwe tuisikie."

Bwana Mutunga alicheka kidogo. "Tutaiwasha, mtoto wangu. Sasa hivi umeme una shida."

"Lakini wewe unaongea na kipaza sauti."

Watahiniwa wengine watano, mmoja baada ya mwingine, wakasimama. Waligeuza masikio upande wa chumba cha kompyuta wakasimama hivyo, wakingoja sauti. Mamaye Kasiva, Kanyiva, mama mkulima aliyekuja na matope mpaka magotini, akauliza kwa Kikamba kwa nini hawa watoto wamesimama. Bwana Mutunga alinitazama, na macho yake yaliniomba. Miaka sita, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniomba kitu.

Nikasimama.

"Haiwezi kuwaka, mwaitu, mama yangu," nilimwambia Kanyiva, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje barazani waliisikia. "Diski mpya ilikuwa hapa tangu tarehe tano Septemba. Ilifungiwa kabatini wiki sita ingoje mgeni. Siku ya mgeni, hiyo diski ikawekwa mbele kwa sababu ya picha, na ilipaswa kukaa nyuma. Ikafuta kila kitu alichoacha Mwalimu Musyimi. Mimi niliona inafutika, na nikangoja maombi yaishe."

"Madam Kalondu, keti!"

"Watoto hawa wana juzuu moja kati ya nne. Mtihani ni siku kumi."

"Keti chini!"

Sikuketi. Kanyiva akamgeukia Mwalimu Mkuu, akamuuliza polepole, kwa Kiswahili, ili asije akajifanya hakuelewa: "Wiki sita, kabati lilikuwa na ufunguo?"

Mzazi mmoja akainuka akaishusha ile picha ukutani, akaiweka sakafuni ikitazama ukuta.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kurasa thelathini na mbili. Wazazi wawili wanaojua kusoma wananisomea maneno huku nikipiga. Nzau ametuma mashine nyingine ya mkono kutoka Salama na safari hii ameileta mwenyewe mpaka mlangoni mwangu. Juzuu ya pili itafika kwa wote sita. Ya tatu labda. Ya nne haitafika, nimewaambia hivyo, na Kasiva amesema basi nimfundishe kwa mdomo, ana kichwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimepewa barua ya kujieleza. Bwana Mutunga aliileta mwenyewe, akaiweka mezani bila kunitazama. Inasema niliiaibisha shule hadharani mbele ya wazazi, na kwamba nina siku kumi na nne kueleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua.

Sikuhitaji siku kumi na nne. Nimemjibu palepale, nimesimama, nyuma ya karatasi yake mwenyewe:

"Ni kweli niliiaibisha shule tarehe 24 Oktoba. Nakubali kosa. Nilipaswa kuiaibisha tarehe 8 Septemba."

Nimesaini, nimeandika tarehe, nimerudi kwenye mashine. Kasiva alikuwa ananingoja na ukurasa mkononi. Mstari wa pili, anasema, nimekosea tena.